Nyimbo za Kumtia Moyo Mtoto Anayejifunza Saksafoni

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Siongiroi)



Halmashauri imenipa nafasi niwasomee maneno machache juu ya saksafoni ya Chama. Mmekwisha kuisikia taarifa ya Mweka Hazina. Katika orodha ya mali ala hiyo imeandikwa baada ya viti na kabla ya turubai, na wanachama wengine wameshauri iuzwe, fedha zake ziingie katika mfuko wa karo. Shauri hilo si la kupuuzwa, kwa maana watoto wanaofukuzwa shule kwa ajili ya karo ni wetu sote. Lakini kabla hamjapiga kura, yafaa mjue ala ile inafanya kazi gani, na imekwama wapi.

Mnamjua binti anayeipuliza. Ana miaka 12, na huu ni mwaka wake wa pili wa kujifunza. Krismasi iliyopita alipuliza pamoja na kwaya, na sauti ya ala haikupatana na kinanda hata kidogo. Watu walicheka. Tangu siku hiyo hajapuliza mbele ya mtu. Hufanya mazoezi ndani ya nyumba, ametia shuka katika mdomo wa ala ili isisikike njiani. Mama yake alifika ofisini akaniuliza swali moja: mtoto huyu asikilize muziki gani ili moyo umrudie? Hotuba hii ni jibu la swali hilo. Nimeona ni vema nilitoe mbele yenu nyote, kwa sababu jibu lenyewe si la mama peke yake.

Kwanza niseme juu ya Krismasi, maana haki ya mtoto imepotea pale. Saksafoni yetu ni ya aina iitwayo alto. Ala hii ina desturi yake: mpulizaji akishika sauti iitwayo C katika alto, sauti inayotoka si C ya kinanda, bali ni E iliyoshushwa nusu. Kwa hiyo kinanda kikipiga wimbo katika ufunguo wa C, alto sharti ipige katika A. Kinanda kikiwa katika G, alto iwe katika E. Mtoto alipewa karatasi ya mwimbaji, akaisoma sawasawa, kila sauti mahali pake. Kosa halikuwa lake wala halikuwa la kinanda. Hakuna aliyemwandikia karatasi ya alto, basi. Naomba kila mmoja aliyecheka siku ile alijue jambo hili, na akimkuta mtoto njiani amwambie.

Pili, niwajibu wazee walioniambia kwamba saksafoni ni ala ya vilabu vya pombe. Iliundwa na fundi Adolphe Sax, aliyezaliwa Dinant katika Ubelgiji mwaka 1814, naye alipewa hati ya kuilinda kazi yake mjini Paris mwaka 1846. Aliifanya kwa ajili ya bendi za jeshi. Alitaka ala yenye nguvu ya tarumbeta na wepesi wa zumari. Mwili wake ni wa shaba, lakini wataalamu huihesabu pamoja na ala za mti, kwa kuwa sauti yake haitoki katika midomo ya mpulizaji kama tarumbeta; hutoka katika kibanzi chembamba cha tete kiitwacho ulimi, ambacho hutetemeka pumzi inapopita. Watunzi wakubwa wa Ufaransa waliitumia katika muziki wa kukaa na kusikiliza: Bizet mwaka 1872 katika muziki wa mchezo wa L'Arlésienne, na Ravel mwaka 1928 katika Boléro. Hata hapa Kenya, bendi za Polisi na za Jeshi zinapopita siku za taifa, saksafoni zimo katika safu.

Ni kweli pia kwamba ilipigwa, na yapigwa, katika vilabu. Nisingependa kuwaficheni jambo. Charlie Parker wa Marekani, mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa alto waliopata kuishi, alikufa mwaka 1955 akiwa na miaka 34 tu, na mwili wake ulikuwa umeharibiwa na dawa za kulevya na pombe. Lakini John Coltrane, aliyekuwa mjukuu wa wahubiri pande zote mbili, alishikwa na ubaya uleule akaukataa mwaka 1957. Na katika Desemba 1964 alirekodi A Love Supreme, muziki alioutoa wote kuwa shukrani kwa Mungu. Ala ilikuwa ni hiyo hiyo moja. Tofauti ilikuwa katika njia ya mtu na katika watu waliomzunguka. Mtoto anayepuliza mbele ya wazazi wake, mchana, katika uwanja wa Chama, amezungukwa na watu wema. Aliyefukuzwa kwa kicheko atatafuta wasikilizaji mahali pengine, nasi hatutajua ni wapi.

Sasa naingia katika swali lenyewe la mama. Asikilize nini?

Jibu langu la kwanza ni kwamba aanze na nyimbo anazozijua tayari kwa mdomo. Mtoto aliyelelewa kwa wimbo huujua mahali unapopanda na mahali unapotua, na akikosea sikio lake humwambia mara moja, bila mwalimu. Wimbo wa Taifa letu ni mfano mzuri. Mwaka 1963 iliundwa kamati ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi; nao hawakwenda kuazima sauti ng'ambo, bali waliuchukua wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Wimbo wa mama akimlaza mwanawe ndio leo hupigwa mbele ya marais, watu wote wamesimama. Basi mtoto wetu aupulize polepole, kila sauti aishike mpaka pumzi itulie. Akiufaulu ule, amejifunza kupumua.

Jibu la pili: asikilize bendi za Afrika Mashariki na Kongo ambazo saksafoni ndani yake huzungumza na mwimbaji. Katika muziki wa dansi mwimbaji husema, magitaa huendesha, kisha saksafoni huingia na kujibu. Si kelele, ni mazungumzo. Simba Wanyika, bendi iliyoanzishwa mwaka 1971 na ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, yafaa sana kwa mwanafunzi, kwa kuwa sauti za saksafoni humo ni chache, nyororo, na hurudiwa mara nyingi, hata mtoto akizikosa mara ya kwanza atazipata ya tatu. Baada yao asikilize Les Mangelepa, wanamuziki wa Kongo waliojitenga na Baba Gaston mjini Nairobi mwaka 1976. Kwao atasikia jinsi ala kadhaa za kupuliza zinavyoingia pamoja kama mtu mmoja. Kutoka Uganda kuna Afrigo Band, iliyoanza mwaka 1975, na saksafoni ya Moses Matovu.

Akiisha kuzoea hizo, asikilize OK Jazz ya Kinshasa katika miaka ya 1963 hadi 1969, wakati Verckys Kiamuangana alipokuwa akiipigia saksafoni. Verckys alifariki mwaka 2022. Sauti yake ilikuwa pana na yenye ukali, na kwake mtoto atajifunza kwamba sauti ya saksafoni haina sura moja. Kila mpulizaji ana sauti yake kama kila mtu alivyo na sauti yake ya kusema. Jambo hili lina faida kubwa kwa mtoto aliyechekwa. Huenda akadhani sauti yake ni mbaya, kumbe ni changa tu, nayo inatafuta sura yake.

Jibu la tatu naliweka mbele ya wazee hasa. Katika Ethiopia alikuwako mpulizaji aitwaye Getatchew Mekurya, aliyezaliwa mwaka 1935 na kufa mwaka 2016. Alianza utotoni kwa krar, ambayo ni ala ya nyuzi iliyo ndugu wa chepkong yetu. Baadaye akaingia katika saksafoni, na mwaka 1949, angali kijana mdogo, akajiunga na bendi ya Manispaa ya Addis Ababa. Huko Ethiopia wapiganaji walikuwa na majigambo yao ya vita yaitwayo shellela, ambayo mtu huyatamka kwa nguvu mbele ya wenzake kabla ya kwenda kupambana. Getatchew aliyachukua majigambo hayo akayatia katika saksafoni, bila maneno. Na waliomsikia walisikia sauti za wazee wao. Hakumwiga Mmarekani. Alitia ya kwao katika chuma cha kigeni.

Wakipsigis tumekwisha kufanya jambo la namna hiyo zamani, nasi tumelisahau. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi nyimbo, alifika katika nchi yetu. Humu alirekodi wimbo uitwao Chemirocha, ulioimbwa na wasichana kwa chepkong. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Watu wetu waliisikia santuri, wakaligeuza jina likatamkika kwa ulimi wa Kikipsigis, wakatunga wimbo wao wenyewe. Wimbo huo umehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 huko Afrika Kusini, na watu wa nchi nyingi wameusikiliza. Wale walikuwa wasichana wa hapa hapa. Sidhani kuna santuri wala bendi itakayomtia moyo binti huyu kuliko kuambiwa habari hiyo na kusikilizishwa wimbo ule.

Jibu la nne ni habari za maisha ya wapulizaji, maana mtoto hutiwa moyo na habari kama atiwavyo moyo na sauti. Nimechagua wawili.

Wa kwanza ni Manu Dibango wa Kamerun, aliyezaliwa Douala mwaka 1933. Muziki aliuanza katika nyimbo za kanisani. Mwaka 1949, akiwa kijana wa shule, wazazi wake walimpeleka Ufaransa kusoma, wakamtia mzigoni kilo tatu za kahawa ziwe malipo ya kwanza kwa wenyeji watakaompokea. Wakulima wenzangu, ninyi mnaopima majani chai na maziwa mnajua kilo tatu ni nini mkononi mwa mzazi. Baadaye alipiga na African Jazz ya Joseph Kabasele huko Kongo, na mwaka 1972 akatoa Soul Makossa, wimbo uliosikika dunia nzima. Alipoandika kitabu cha maisha yake alikiita kwa jina la zile kilo tatu za kahawa. Alifariki Ufaransa mwezi wa Machi 2020, katika ugonjwa wa korona. Hakuisahau kahawa ya nyumbani hata uzeeni.

Wa pili ni Sonny Rollins wa New York. Mwaka 1959 alikuwa amekwisha kuwa na jina kubwa, lakini mwenyewe aliona kazi yake haijamridhisha. Akaacha kupiga mbele ya watu. Na kwa kuwa hakutaka kuwasumbua majirani katika nyumba za ghorofa, miongoni mwao mama mja mzito, alichukua saksafoni yake akaenda kufanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, magari na meli zikipita, katika joto na katika baridi. Alifanya hivyo kwa miaka kama miwili. Aliporudi mwaka 1961 alikuwa na nguvu mpya, na sahani yake ya mwaka 1962 ikaitwa The Bridge, yaani Daraja. Mtoto wetu ajue kwamba kujitenga kwa muda ili kujifunza si aibu. Lakini Rollins alikwenda mahali palipo wazi, akapuliza kwa pumzi yote. Hakuifunga ala yake kwa shuka. Sisi Siongiroi hatuna daraja kubwa, ila tuna nyanda na mabonde, na ng'ombe hawajapata kulalamika.

Sasa niseme namna ya kusikiliza, kwa sababu wimbo unaopita masikioni kama upepo haufundishi kitu. Siku hizi nyimbo zote nilizozitaja hupatikana kwa simu ya mkononi, na hapo ndipo ilipo hatari: mtoto husikiliza ishirini kwa siku, asijue hata mmoja. Afadhali achague wimbo mmoja kwa juma zima. Siku ya kwanza na ya pili ausikilize bila kuishika ala. Siku ya tatu auimbe kwa mdomo, pamoja na sehemu ya saksafoni. Siku ya nne atafute sauti nne au tano za mwanzo katika ala, asizidishe. Ikifika Jumamosi apulize alichokipata, ijapokuwa ni kidogo, mbele ya mtu mmoja anayempenda. Anayeweza kuimba kitu aweza kukipuliza. Asiyeweza kukiimba atahangaika na vidole bure.

Na kila siku, kabla ya wimbo wowote, apulize sauti ndefu kwa dakika kumi, pumzi itoke tumboni na si kifuani. Hayo huchosha, nayo hayapendezi kusikia. Majirani wavumilie. Hakuna aliyewahi kupata sauti nzuri bila kupita katika mbaya.

Kuna na utunzaji, ambao nao ni sehemu ya moyo, kwa kuwa mtoto anayepuliza ala mbovu hudhani ubovu ni wake. Ulimi wa tete hulowanishwa kwa mate kabla ya kupuliza, na baada ya kazi huondolewa, hufutwa na kuanikwa kivulini. Ukipasuka au ukimeguka ncha, hutoa mlio wa kukwaruza, na haufai tena. Mwanafunzi awe na ulimi mitatu au minne, apokezane. Naye ahitaji ulimi mwepesi, namba moja na nusu au mbili, si mgumu wa watu wazima. Ndani ya ala hupitishwa kitambaa kikavu kila mara. Vifuniko vya ngozi visipakwe mafuta ya aina yoyote. Nilipoikagua ala yetu mwezi uliopita nilikuta ulimi mmoja tu, nao una ufa. Katika hesabu za mwaka huu hakuna senti iliyotengwa kwa ajili hiyo.

Bwana Mwenyekiti, wengine watauliza: kuna riziki gani katika haya? Sitaki kumwahidi mtu utajiri. Nasema tu kwamba mtaala wa shule wa sasa umeweka njia tatu katika sekondari ya juu, na mojawapo ni ya Sanaa na Michezo. Na bendi za Serikali huajiri watu wanaojua ala. Mtoto aliyekwisha kupuliza kwa miaka mitano ana jambo la kuonyesha. Ila hata asipopata kazi kwa saksafoni, atakuwa amejifunza kukaa na jambo gumu kila siku mpaka limtii. Hicho hakipatikani dukani.

Kwa hiyo naleta maombi manne mbele ya mkutano. La kwanza, ala isiuzwe mwaka huu, bali shauri hilo liletwe tena baada ya miezi kumi na miwili, tukiwa tumesikia kazi yake. La pili, zitengwe fedha za kununua ulimi mitano na kitambaa, na fundi aitazame mara moja kwa mwaka. La tatu, chumba cha Chama kifunguliwe Jumamosi saa nane hadi saa kumi, ili mtoto apulize bila shuka, na watoto wengine wanaotaka wakae na kusikiliza.

La nne halina gharama, nalo ndilo kubwa. Wazee waliomo humu wanajua nyimbo ambazo hazimo katika simu ya mtu yeyote: nyimbo za kuchunga, za harusi, za kupokea wageni, na sauti za chepkong ambazo wapigaji wake sasa wahesabika kwa vidole. Naomba wazee wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, waje katika chumba kile kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wamwimbie mtoto wimbo mmoja, polepole, mpaka aushike. Naye atauandika katika daftari la Chama kwa solfa, upate kubaki. Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Yeye yupo kwao. Kutunza ni juu yetu.

Nimekwisha. Naomba Mwenyekiti aulize mkutano juu ya ombi la kwanza, kisha mengine yafuate.